Ile Supu ya Pweza Niliyoimwaga Dunda

Ile video mliyoiona, ya mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni anapindua sufuria la supu ya pweza katikati ya barabara pale Dunda, huyo mwanamke ni mimi.

Sufuria lilikuwa limejaa. Wateja walikuwa kumi na kitu, wamesimama na vibakuli vyao. Na muuzaji ni mume wangu wa ndoa.

Maoni yenu nimeyasoma yote. Mmoja kaandika nimemfumania. Mwingine kasema nina majini. Mwingine, mwanaume mzima na ndevu zake, kaandika, "Huyu anastahili talaka tatu kwa mpigo."

Mlikuwepo? Hamkuwepo. Basi leo nyamazeni kidogo, niseme mimi.

Naitwa Ashatu. Mdomo wangu Bagamoyo wanaujua, sina haja ya kujipamba. Nasuka nywele kibarazani kwangu, na siku nyingine nafuatwa kwenda kusuka majumbani. Mume wangu ni Mikdad, na kama umewahi kupita Dunda jioni umeshamsikia.

"Supu ya madini! Kunywa madini, baba, ukalale na heshima yako!"

Ndiye huyo.

Tulikuwa tunaishi na mama yake, Bi Fatu. Nikienda kusuka, mtoto wetu Lulu anabaki na bibi yake. Lulu alikuwa na miaka miwili na miezi minne wakati mambo haya yanaanza.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wametoka msikitini. Lulu ameamka na homa toka asubuhi, nimempangusa maji, nimempa panadoli ya maji. Nipo jikoni napakua wali, nikasikia bibi yake anapiga ukelele.

Nikatoka mbio.

Mtoto amekakamaa mkekani. Macho yamegeuka, unaona weupe tu. Mikono inarukaruka, povu mdomoni. Jamani, mwanao akiwa hivyo hata jina lako unalisahau.

"Degedege!" nikapiga kelele.

"Usilitaje!" Bi Fatu akanifokea. "Unaliita lizidi? Funga mlango!"

Ndivyo walivyo wakubwa wetu huku. Huo ugonjwa hautajwi. Utasikia "mambo ya kitoto," au "ile kitu." Ukilitaja unaonekana umelikaribisha nyumbani.

Kabla sijajua nifanye nini, Bi Fatu ameshamtia mtoto mpini wa kijiko mdomoni, ameshatoa kopo lake chini ya kitanda. Ndani ya kopo kuna mavi ya tembo yaliyokauka, aliletewa na ndugu yake anayekaa karibu na mbuga huko Saadani. Anataka kumfukiza.

"Mama, naomba mtoto, naenda hospitali."

"Huendi. Wakimchoma sindano akiwa na hii hali, unarudi na maiti. Nimeshaona kwa macho yangu."

Nikamtazama Mikdad. Kasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, anamtazama mama yake, ananitazama mimi.

"Tusubiri kidogo," akasema.

Kidogo kitu gani? Mtoto anakauka mikononi mwako, unasubiri kidogo? Mpaka leo nikiikumbuka ile sentensi nasikia joto masikioni.

Nilimnyakua mwanangu, nikatokea mlango wa uani. Khamis wa bodaboda alikuwa kijiweni kwake, hakuuliza hata bei. Alinipakia, akapiga honi mpaka geti la hospitali.

Tunafika, mtoto ameshaacha kurukaruka. Kalegea, kasinzia. Nikajua ndio basi tena.

Aliyetupokea ni kijana mmoja, Daktari Pazi, mtu wa Lugoba, mpole mpaka unamkasirikia. Akamlaza Lulu ubavu, akamsikiliza kifua, akamwangalia koo na masikio. Wakampima malaria, haikuonekana. Sikio ndilo lililokuwa limeoza ndani. Akachomwa sindano. Akachomwa, na hakufa.

"Mama Lulu," daktari akaniambia, "likimshika tena, mlaze ubavu, muondolee vitu vinavyoweza kumuumiza. Mdomoni usimtie kitu chochote. Si kijiko, si kidole, si dawa. Halafu mlete upesi. Degedege la homa mara nyingi linapita lenyewe, lakini homa inayolileta inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Huwezi kujua ukiwa nyumbani."

Kisha akanieleza kwamba pale walikuwa na utafiti. Watoto wanaopata degedege wanachukuliwa damu kidogo, inapelekwa Dar kupimwa madini ya mwilini, zinki na chuma. Nikasema chukueni.

Akaanza maswali. Mtoto anakula nini asubuhi? Chai ya rangi na kitumbua. Mchana? Ugali au wali, na mchuzi. Mchuzi wa nini? Wa samaki. Samaki mwenyewe anakula?

Nikasita. Nyumbani kwetu kipande ni cha baba. Mtoto anarowekewa ugali kwenye mchuzi. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo na mimi nilivyolelewa.

"Mchuzi wake," nikasema.

"Anakula udongo?"

"Hapana," nikajibu haraka.

Akaandika.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu nikachukue majibu. Nilikwenda peke yangu. Daktari Pazi alikuwa na karatasi mezani.

"Zinki yake iko chini. Na chuma kiko chini, chini sana."

"Ndiyo yanayoleta degedege?"

"Sitakudanganya. Watoto wengi wa degedege la homa tukiwapima tunakuta yako chini hivi, lakini hatujui bado kama ndiyo chanzo, na hatusemi ni sababu peke yake. Tunachojua ni kwamba upungufu huu unatibika. Sasa kwa nini tumwache nao?"

Akaniandikia dawa ya maji ya kuongeza damu, na vidonge vya zinki vya kuyeyusha kwenye kijiko. Akaniambia chai ya rangi niiache, inazuia chuma kisiingie mwilini. Halafu akaanza kunitajia vyakula. Dagaa, maini, kunde, nyama.

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anauza supu ya pweza."

Kijana wa watu akaweka kalamu chini.

"Mama Lulu. Pweza ana zinki. Ana na chuma. Nyumbani kwenu kila siku kunachemshwa hicho ninachokuandikia hapa."

Wallahi sikumbuki nilivyotoka pale.

Nilitembea kwa miguu toka hospitali mpaka Dunda, jua kali, karatasi mkononi. Kila hatua hasira inapanda. Huyu mwanaume anakesha kuwapigia kelele watu wazima wanywe madini. Anawamiminia madereva, anawamiminia mafundi, anawamiminia wastaafu waliooa juzi. Mtoto wake wa kumzaa anarowekewa ugali kwenye maji ya samaki!

Nikafika. Foleni imejipanga.

"Baba Lulu, nipe kibakuli kimoja cha Lulu. Na minofu, uikate midogo midogo."

Akacheka, akajua namtania.

"Hii siyo ya watoto, mama."

"Daktari kasema. Damu yake haina madini. Karatasi hii hapa."

Akaishusha sauti. "Mama Lulu, usinitie aibu mbele ya wateja. Hii ni ya wanaume. Tena mtoto wa kike! Unataka aharibike hata ungo hajavunja?"

Wateja wakacheka. Mmoja akadakia, "Shemeji, mwache bwana anywe yeye, faida utaiona wewe."

Wakacheka tena. Na Mikdad naye akacheka.

Hapo ndipo kichwa kilipopata moto. Nikajifunga kanga. Nikachukua kipande cha gunia, nikashika masikio ya sufuria.

"Sogeeni," nikawaambia, "asije akaungua mtu."

Walisogea. Nikapindua. Pweza wa siku nzima akatandaa kwenye lami, na Khamis wa bodaboda, yule yule aliyenikimbiza hospitali, akawa ameshatoa simu yake anarekodi. Hiyo ndiyo video yenu.

Mikdad hakunigusa. Aliinama, akaanza kuokota minofu mmoja mmoja kuirudisha kwenye ndoo, kichwa chini. Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu jioni aliingia ndani na kibakuli kimefunikwa sahani, akakiweka mbele ya Lulu. Pweza amekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, laini, amechemshwa mpaka basi.

Lulu alikula, akalamba na kibakuli.

"Na samaki vilevile," nikamwambia Mikdad. "Kipande, siyo mchuzi."

"Sawa," akasema.

Nilishinda! Nami sikuwa mtu wa kushinda kimya kimya. Kila niliyemsuka alisikia habari ya zinki. Nilimwambia Bi Fatu usoni kwamba kopo lake la mavi ya tembo akapandie mchicha. Chai ya rangi niliipiga marufuku. Dawa za Lulu nilimwelekeza mwenyewe, asubuhi hii, jioni hii, na yule mama akawa ananijibu "Ndiyo, mwanangu," kama mtumishi.

Watu wa mtaani wakanisifu. Mama jasiri, mama mwenye akili. Na mimi nikajiona ndiye.

Haikufika miezi mitatu.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, nipo nasuka, nikaitwa. Lulu limemshika tena. Safari hii Bi Fatu alikuwa amemlaza ubavu kama nilivyomfundisha, hakumtia kitu mdomoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma mtu kwa Khamis. Lakini halikuacha upesi. Tulifika hospitali mwili bado unaruka, wakamtia dawa ndipo ukatulia.

Malaria. Na wakapima damu.

Daktari Pazi akarudi na karatasi, uso umebadilika. Tupo kwenye benchi wodini, mimi, Mikdad aliyekuja mbio na aproni yake ya kazi, na Bi Fatu. Lulu kalala kitandani mbele yetu.

"Sielewi," akasema. "Malaria inashusha damu, kweli. Lakini hii imeshuka kupita nilivyotarajia. Miezi miwili na zaidi ya dawa, na chakula mmebadilisha. Ilitakiwa tuwe tumepanda, tuwe na akiba. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa," Mikdad akasema.

Na mimi nikamgeukia Bi Fatu.

Nitawaambia nilivyosema, maana nimeahidi kusema. Nilisema, "Muulizeni huyu. Anayebaki naye ni huyu. Dawa anamwaga huyu, aonekane yeye ndiye mjuzi na mavi yake ya tembo. Bibi gani wewe? Unataka nizike ndiyo ufurahi?"

Wodi nzima ikageuka. Kina mama na watoto wao, manesi, kila mtu.

Bi Fatu alikuwa na tasbihi mkononi, akaacha kuihesabu. Machozi yakaanza kumtoka, hata kuyafuta asiyafute.

Mikdad akasimama. Sijawahi kumwona hivyo.

"Mnisikilize wote wawili," akasema. "Asinyamazie mtu kitu leo, na mwanangu yupo hapa. Kama kuna anayempa mtoto kitu kisichofaa, au anamnyima kinachofaa, nikijua tu, hakanyagi kwangu tena. Awe nani awe nani. Kama ni mke, talaka yake naiandika leo."

Daktari Pazi akamtuliza. Akaketi pembeni ya kitanda, akatutazama mmoja mmoja.

"Nilishawahi kuuliza, nauliza tena. Mtoto anakula udongo? Ule wanaouza sokoni, unaoliwa na wajawazito? Ule ukiingia tumboni unakamata madini yote. Utampa dawa, utampa pweza, mwili haupati kitu. Tena mwingine una minyoo, una uchafu. Anakula?"

"Hapana," nikasema.

Hapo Lulu alikuwa ameanza kuamka. Kafumbua macho, midomo imemkauka. Nadhani lile neno ndilo alilolisikia usingizini.

"Dongo," akasema. "Nataka dongo."

Wote wakamgeukia.

Sasa nisikilizeni, nyie mliosema nina majini na nyie mliosema mimi ni shujaa.

Udongo ule nilikuwa nampa mimi.

Nilianza kuula nina mimba ya Lulu. Vijiti vile vyekundu, unavunja kipande, unamung'unya, unanukia mvua. Nikajifungua, sikuacha. Pochi yangu ya mkononi haikukaa bila fungu la udongo ndani. Nikiwa nasuka na Lulu ananililia, namvunjia kipande ananyamaza. Wala hakuwa anasumbua, mwenyewe anakuja kufungua pochi. Nilipigwa marufuku udongo kliniki, mimba ikiwa ya miezi mitano, nesi mwenyewe alininyooshea kidole. Nilijua. Nikaona haya kusema, mtu mzima na akili zangu nakula udongo kama kuku. Mara ya kwanza nilidanganya kwa haya. Mara ya pili nilidanganya kwa kuogopa talaka. Na pochi ilikuwa pajani kwangu, daktari akiuliza, na udongo umo.

Mikdad alikuwa ananitazama. Nikaikandamiza pochi pajani.

"Ni mimi," Bi Fatu akasema.

Tukamgeukia.

"Mimi ndiye ninayempa, mwanangu. Ashatu hajui. Akiondoka tu mtoto ananililia, nampa akatulie. Sikujua kama una madhara. Nisamehe."

Alisema vile akimtazama Mikdad, hakunitazama mimi hata mara moja.

Na mimi nilifanya nini? Mimi mwenye mdomo unaojulikana Bagamoyo nzima, mimi wa kumwaga masufuria?

Nilinyamaza.

Daktari alimsema yule mama kwa adabu, shikamoo ikiwemo, lakini alimsema. Manesi wakamsema bila adabu. Mama mmoja wa kitanda cha pili akasonya. Nikasikia mwingine anamwambia mwenzake, "Bibi wengine ni wauaji." Nikawa nainamisha kichwa, wakajua nalia kwa uchungu wa mwanangu.

Jioni nilimfuata bombani, anatia udhu.

"Mama, kwa nini?"

Akamaliza mguu wa kulia, akaosha wa kushoto.

"Nimeuona huo udongo muda mrefu," akasema. "Nilikuwa nafagia mabaki yake chini ya kiti chako. Nikasema nimkanye, nikakumbuka mimi nami nimekula mimba zangu zote sita, nitamkanya kwa uso gani? Nikadhani hauna neno."

"Lakini kwa nini umesema ni wewe?"

"Wewe akikuacha, Lulu atalelewa na nani? Mimi ni mama yake Mikdad. Mimi hana talaka ya kunipa." Akajifunga mtandio. "Ila uache, Ashatu. Leo hii. Usinifanye nimeongopa bure."

Akaenda kuswali.

Nilikwenda chooni, nikamwaga udongo wote, nikavuta maji. Sijaugusa tena. Nakula barafu, natafuna karafuu, lakini udongo sijaugusa.

Bi Fatu alikosea jambo moja. Talaka hana ya kumpa, lakini mlango anao. Wiki ile ile Mikdad alimpeleka mama yake Kaole, kwa kaka mkubwa wa Mikdad, na akamwambia asimshike Lulu mpaka atakaporuhusu yeye. Mzee wa watu alifunga nguo zake kwenye kanga mbili. Nilimsaidia kufunga fundo. Nilimsaidia kufunga fundo, jamani, na bado sikusema.

Nini kikafuata? Lulu akapona. Mwezi wa kwanza damu ikapanda. Mwezi wa pili ikapanda zaidi. Mashavu yakajaa, akaanza kukimbia na watoto wenzake. Akapata mafua na homa juzi, homa ikapita na degedege halikuja. Daktari Pazi akasema haina maana kwamba halitarudi, mpaka afike miaka mitano au sita tuwe macho, lakini damu yake sasa ni ya mtoto mzima.

Na mtaa mzima unasema nini?

"Mnaona? Toka bibi aondoke, mtoto kapona."

Mpaka Khamis, kijana wa watu mwema, akaniambia, "Shemeji, bora mlimtoa yule bibi." Nikamlipa nauli yake, nikaingia ndani.

Kilichonivunja ni Idi.

Bi Fatu alikuja kwa miguu kutoka Kaole, jua la asubuhi, na gauni jipya la Lulu ndani ya mfuko wa karatasi. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, dirisha liko wazi, nikawaona. Mikdad alimsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akapokea mfuko.

"Nimwone tu, Baba Lulu. Simshiki."

"Amelala, mama."

Lulu hakuwa amelala. Alikuwa uani anacheza, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Bi Fatu alisikia, maana aligeuza kichwa. Akasema, "Haya, mwanangu, mwambie bibi kaleta gauni." Akageuka, akaanza kurudi alikotoka.

Nimetukana watu wengi katika maisha yangu. Siku ile sikuwa na wa kumtukana zaidi ya yule mwanamke aliyekuwa ameshika kisu na kitunguu.

Ndiyo maana naandika. Nina hasira, ndiyo. Nina hasira na mila ya kipande cha baba. Nina hasira na wanaume wanaokunywa madini ya watoto wao wakicheka. Nina hasira na nyie mnaohukumu video ya nusu dakika. Lakini nusu ya hasira ile niliyommwagia Mikdad barabarani ilikuwa yangu mwenyewe, na nilikuwa naijua, na niliwabebesha wengine kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Kina mama wenzangu, daktari akikuuliza mtoto anakula nini, taja chote. Taja na kile unachokiona aibu, hicho ndicho anachokitafuta. Hawezi kutibu mtoto uliyemsimulia wakati mtoto uliyemzaa ni mwingine.

Haya maandishi sikuyarusha moja kwa moja. Nimemaliza leo saa tisa alasiri, kabla Mikdad hajapeleka sufuria barabarani. Nikampa simu.

"Soma. Yote."

Alisoma amesimama. Alipofika mahali fulani, nadhani alirudi nyuma, akasoma tena. Kisha akakaa chini, sakafuni, akasoma mpaka mwisho. Nikawa nasubiri neno. Nilikuwa nimeshatenga nguo zangu na za Lulu, ziko kwenye begi kitandani, sikutaka kumpa kazi ya kunifukuza.

Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, msije mkaandika huko chini kwamba mapenzi yameshinda.

Alinirudishia simu. Akafunika jiko, akavua aproni.

"Mvalishe mtoto lile gauni," akasema.

Nikamvalisha. Amembeba, wamepanda boda ya Khamis, wameelekea Kaole. Mimi hakunitazama.

Sasa hivi mtaa wote unauliza kwa nini leo hakuna supu. Nimekaa kibarazani, begi liko pembeni yangu, sijui wakirudi nitalirudisha ndani au nitalibeba. Lolote atakalosema Mikdad nitalipokea. Ila Bi Fatu akirudi nao, akishuka kwenye ile pikipiki, nitamwita jina lake mbele ya wote waliomwita muuaji, nami nitawaambia muuaji wao ni huyu waliyekuwa wanamsifu.